Herufi Zilizolala

"Shuka uone mwenyewe!" mkewe alimwita kutoka ng'ambo ya barabara.

Mchoraji wa mabango alishuka ngazi taratibu, akavuka, akasimama kando yake. Juu ya mlango wa saluni, herufi zilikuwa zimelala kama walevi, na neno KISASA lilikuwa limepungukiwa S moja.

"Mbona iko sawa?" aliuliza.

Miaka thelathini mama huyo alikuwa ndiye rula ya mumewe: juu kidogo, nyoosha mkia huo. Hata hivyo, akishashuka na kutazama, mara zote mume ndiye aliyeona kosa kwanza. Leo hakuona kitu.

Wiki mbili hizi alikuwa akiamka na kichwa kinachouma, anasinzia chai ikiwa mkononi, anaburuta mguu wa kushoto.

"Uzee huo, mama," alisema mwenye saluni kwa upole.

"Uzee hauji kwa wiki mbili," alijibu, akamshika mumewe mkono hadi hospitali.

Daktari alimwambia mgonjwa anyooshe mikono yote miwili, afumbe macho. Mkono wa kushoto ulianza kushuka, wenyewe tu.

"Amewahi kugonga kichwa?"

"Sijagonga," alisema mzee.

Mkewe akashika mdomo. "Aligonga! Wiki ya saba sasa. Aliinuka na ndoo ya rangi, kichwa kikagonga dirisha lililokuwa wazi. Hata hakuchubuka. Tulicheka, daktari. Mimi nilicheka."

"Yeyote angecheka. Twende tukapige picha."

Picha ilionyesha damu iliyovuja kidogo kidogo siku zote hizo, ikajikusanya kati ya fuvu na ubongo, ikiusukuma ubongo pembeni.

"Kwa hiyo si uzee?"

"Uzee nisingeweza kuutoa, mama. Hii tunaitoa leo."

Walimtoboa tundu dogo fuvuni, wakaiondoa damu hiyo. Asubuhi alifungua macho, kichwa kimefungwa bendeji, akamtazama mkewe kuanzia juu hadi chini.

"Wewe mwanamke," alisema, sauti ikikwaruza, "hivyo viatu umeazima kwa watu wawili?"

Mkewe aliinama kutazama. Ndala moja ya bluu, nyingine nyekundu. Tangu jana alikuwa amezunguka nazo hospitali nzima. Akaanza kucheka, machozi yakamtangulia. Alizivua zote mbili, akakaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zake zikipoa sakafuni.