Umri wa Fergus

Jumatatu asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya matangi ya maji, Leonie Hartigan alikaa barazani akipanga masomo ya wiki. Baraza hilo la nyuma, lililozungushiwa wavu wa kuzuia nzi, ndilo lililokuwa shule. Palikuwa na meza ndefu, kompyuta moja, na ramani ya Queensland, jimbo lao la Australia, iliyopauka kwa jua. Wanafunzi walikuwa watatu, wote wa tumbo lake: Fergus wa miaka kumi na mmoja, Tamsin wa minane, na Bede, aliyeanza kusoma mwaka huo.

Mtu wa mjini angedhani kufundisha watatu ni kumfundisha mmoja mara tatu. Leonie alikwisha kujaribu hivyo, na saa sita ya mchana ilimkuta hajamaliza hata mmoja. Siku hizi alichagua jambo moja kwa wote. Wiki hii lilikuwa maji. Bede angemimina vikombe, Tamsin angepima ndoo, na Fergus angekokotoa tangi lililojaa lingenywesha ng'ombe siku ngapi. Bede akiwa na mama yake kwenye herufi, Fergus angesoma peke yake. Kisha Fergus angemsomesha Bede sauti za herufi, ili mama akae na Tamsin. Katikati ya asubuhi Mwalimu Petrakis angetokea kwenye kompyuta kutoka mjini, mwendo wa siku nzima kwa gari, na kumwita kila mtoto kwa zamu. Ilikuwa kama kusuka ukili. Jani moja likichomoka, mkeka wote unalegea.

Walikuwa hawajafika mbali Darcy, mumewe, alipokuja kusimama mlangoni, kofia kichwani. Pampu ya kisima cha mbali ilikuwa imekufa na ng'ombe walikuwa wamelizunguka hodhi kavu.

"Namwazima Fergus kidogo," alisema.

"Ana hesabu za sehemu leo."

"Sehemu hazinyweshi ng'ombe, Leonie."

Fergus alikuwa tayari ameshika viatu vyake. Alipenda kuitwa na baba yake, kama mtoto yeyote.

Walirudi jua linatua. Fergus alipanda ngazi na suruali yake ilikuwa inaishia katikati ya muundi. Mezani aliomba achari kwa sauti nzito iliyokatikakatika, na juu ya mdomo wake palikuwa na kivuli cha ndevu. Leonie alimtazama, kisha akamwongezea nyama ya chumvi na viazi, kwa kuwa kijana wa miaka kumi na mitano hula zaidi ya mtoto wa kumi na mmoja. Baada ya kuosha vyombo alifumua mapindo ya suruali. Kitambaa hakikutosha. Akamtolea suruali ya zamani ya baba yake.

Kesho yake ilimbidi apange upya. Tatizo halikuwa mwili wa Fergus. Tatizo ni kwamba kichwa chake kilikuwa kimebaki pale pale alipofunga kitabu. Miguu yake haikuingia tena chini ya meza, lakini nusu na robo zilikuwa bado zinamchanganya. Mwalimu Petrakis alimwona kwenye kompyuta na kusema kwamba Fergus amekua, je, amhamishie kundi la wakubwa? Leonie alijibu kuwa hajamaliza ya darasa lake. Mwalimu akasema basi wamwache. Alikuwa na mwingine wa aina hiyo, msichana wa ranchi ya kondoo huko kusini, ambaye nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, na kwenye kusoma alikuwa anaendelea vizuri.

Alhamisi Darcy alisimama tena mlangoni. Uzio ulikuwa umeanguka. Wiki iliyofuata ilikuwa kukata miti ya mulga, maana majani yake ndiyo chakula pekee kilichobaki kwa ng'ombe. Mvua haikuwa imenyesha tangu Bede ajue kutembea, na kazi zilizaana. Kila alipoitwa, Fergus aliondoka na umri mmoja na kurudi na mwingine. Alirudi na ndevu. Alirudi akichechemea. Siku moja alirudi na mikunjo kwenye pembe za macho, akakaa kwenye kiti chake kidogo, akauliza walikuwa wamefika ukurasa gani.

Leonie akaligeuza darasa. Sasa Tamsin ndiye aliyemsaidia Fergus, wakati yeye akiwa na Bede. Aliwasikia upande wa pili wa meza.

"Shusha hiyo saba, kaka."

"Niishushe wapi?"

"Hapo chini. Usiwe na haraka."

"Haraka ndiyo kitu pekee nilicho nacho," alisema Fergus, na wote wawili wakacheka.

Jioni moja Leonie alimfuata Darcy kwenye ngazi, alikokuwa anavua viatu. Alimwambia yale ambayo wote wawili walikuwa wakiyaona. Darcy hakukana. Alisema yeye mwenyewe aliitwa na baba yake akiwa na miaka tisa.

Leonie alijua kwamba yeye na Darcy walizaliwa mwaka mmoja. Siku ya harusi shangazi zake walimvuta pembeni, wakamuuliza kama yule bwana ni mjane na kama ana watoto wakubwa. Alijua pia habari za baba mkwe, aliyefariki kwa uzee akiwa na miaka arobaini na mmoja na kuzikwa nyuma ya zizi. Wageni waliosoma jiwe la kaburi walidhani mchongaji amekosea tarehe. Lakini hakuwahi kuuliza, kwa sababu katika nchi ile kila mwanamume alionekana mzee.

"Ulikuwa unasoma nini alipokuita?" aliuliza.

Darcy alichomoa kiatu cha pili. "Kulikuwa na hadithi ya bata. Sikufika mwisho."

"Unajua basi. Na bado unamwita mwanangu."

"Ng'ombe wakifa tunahama. Tukihama, mimi nitakuwa nimezeekea nini?" Alikung'uta vumbi jekundu kwenye soksi. "Mvua ikinyesha atarudi darasani."

"Baba yako naye alikwambia hivyo?"

Darcy aliviweka viatu vyake sambamba ukutani. "Maneno hayo hayo."

Leonie alijaribu. Kwa wiki nzima alivaa kofia na kwenda yeye badala ya mtoto. Alivuta mabomba kutoka kisimani, alikata mulga, alimtoa ndama aliyekwama kwenye matope ya bwawa linalokauka. Kila jioni alijitazama kwenye kioo cha bafuni na kukuta sura ile ile, imechoka tu. Ardhi haikuwa na haja na miaka yake. Huku nyuma Bede alisahau herufi alizokuwa amezishika, Tamsin aliruka somo zima la vipimo, na Darcy alimchukua Fergus upande mwingine wa ranchi, kwa kuwa kazi ilihitaji watu wawili wawili.

Baada ya hapo alipakia gari. Alikuwa na dada yake katika mji wa Toowoomba, mwenye nyumba kubwa na bustani ya mboga. Aliweka maji, mikate, vitabu vya watoto watatu, na kumkalisha Bede kiti cha nyuma. Fergus alikuja akashika mlango wa gari. Mvi zilikuwa zimemjaa, na mkono wake juu ya chuma cha moto haukushtuka.

"Nenda na wadogo, mama," alisema. "Mimi nikiondoka, baba atabaki peke yake."

Tamsin akasema haendi popote bila kaka yake, akashuka. Bede akaanza kulia. Leonie alikaa nyuma ya usukani mpaka maji ya chupa yakawa ya moto. Kisha akashusha vitabu, na baada ya vitabu, mikate.

Miezi ya mvua ilifika, na mvua haikuja nayo. Fergus alikuwa sasa mzee kuliko baba yake. Alimaliza hesabu za sehemu siku ambayo hakuweza tena kuinua bomba la kisima, na Mwalimu Petrakis alimpongeza mbele ya darasa zima, watoto wa ranchi zote wakampigia makofi kutoka walikokuwa. Leonie alimwandikia maneno kwa herufi kubwa ili macho yake yasihangaike. Aliyasoma taratibu, kidole kikifuata mstari, na aliposinzia wadogo zake walishusha sauti.

Asubuhi moja Darcy alisimama mlangoni. Safari hii alikuwa amevua kofia. Alimtazama Fergus, ambaye kidevu chake kilikuwa kimeangukia kifuani, akayahamisha macho.

"Tamsin," alisema.

Fergus aliamka. Aliegemeza mikono kwenye meza akajaribu kusimama, magoti yakakataa. "Niende mimi, baba."

"Umeshafanya yako, mzee," Darcy alimwambia kwa upole.

Leonie alikuwa amekwisha kusimama kwenye mlango, mkono mmoja kwenye kila mwimo. Darcy hakumsukuma. Alingoja tu. Kutoka zizini ilikuja sauti ya ng'ombe, wote kwa pamoja, na haikukoma. Tamsin alilaza penseli ndani ya kitabu, akafunga viatu, akamfunga pia kaka yake kifungo cha shati kilichofunguka, kisha akainama na kupita chini ya mkono wa mama yake.

Pikapu ilipotea ndani ya vumbi lake. Kwenye kompyuta Mwalimu Petrakis aliita majina. Alipofika kwa Tamsin, Leonie alisema ametoka na baba yake, na mwalimu akasema sawa, akaendelea.

Leonie alimhamishia Bede kwenye kiti cha dada yake, mahali penye mwanga. Mtoto alikuwa anatazama mlangoni.

"Mama, mimi nitaitwa lini?"

Alimsogezea kitabu mpaka kikamgusa kifuani.

"Soma," alisema. "Soma upesi."