Mlango wa Bi Mwanakuu

Leso ilikuwa imechomoka tena. Mzamil aliishika ncha, akaipigilia msumari kwenye mwimo kwa kichwa cha spana, kazi aliyoifanya kila asubuhi tangu Bassam, mwenye nyumba, alipotuma watu kuja kuung'oa mlango. "Unakwenda kutengenezwa," walisema, wakaubeba kichwani wakatokomea nao mwisho wa kichochoro. Mlango haukuwa na ubovu wowote. Ubaya ni kwamba mamake Mzamil, Bi Mwanakuu, alikuwa bado yumo ndani, ilhali vyumba vyote vya juu vilishageuzwa vya watalii, na kodi ilishapandishwa mara mbili bila kumtoa.

Na hata angetaka kutoka asingeweza. Alikuwa kwenye eda. Mumewe alifariki masika yalipoanza, na mjane hukaa ndani mpaka siku zake zitimie, asionane na wanaume wa kando. Bassam aliyajua hayo barabara. Jeneza lilipotoka, yeye ndiye aliyeshika mkono wa mbele. Alijua pia kwamba mwanamke wa eda aliyeanikwa mbele ya wapita njia atachoka mwenyewe, aombe kuhamishwa, na mwenye nyumba asionekane amemfukuza mtu.

Leo kulikuwa na la kuongezea. Gari jeupe la Bassam lilikuwa limeegeshwa mbele ya uwazi wa mlango tangu jana magharibi, limebanwa ukutani hata mtu atoke kwa ubavu. Vijana walilipamba kwa maua na vitaa vya rangi, kwani leo baada ya alasiri Akil, mwana wa Bassam, alikuwa anaoa upande wa pili wa kisiwa.

"Hata pa kupitisha pumzi hakuachi," Mzamil alinung'unika.

Mamake alikuwa ameketi pembeni na tasbihi yake.

Mzamil alikwenda kwanza kwenye ofisi ya malalamiko ya wapangaji. Alikaa kwenye benchi mpaka suruali ikamganda mwilini kwa jasho. Karani, dada mmoja aitwaye Wendy, alimsikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Pole sana. Lakini mkataba wa kupanga uliandikwa jina la marehemu. Sasa mama mwenyewe aje aweke kidole hapa."

"Yuko eda, dada. Hatoki."

"Naelewa. Basi akimaliza, aje."

"Na mlango?"

"Si ndiyo malalamiko yenyewe? Tutayapokea akija."

Mzamil alitoka akiwa na hasira ya kumtosha mtu na jirani yake. Wendy hakuwa na kosa. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwamba kila mtu hana kosa na mlango haupo. Alikwenda Majengo kwenye gereji, akafungua maboksi ya gia ya watu mpaka mchana, na kila nati aliyoikaza aliona shingo ya Bassam.

Baada ya sala ya adhuhuri simu ililia.

"Mzamil, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Bassam, laini ajabu. "Hebu njoo mbio. Gari lakataa kuingia gia. Languruma tu. Kuna fundi nimempigia, asema boksi limekufa."

Mwanangu! Mzamil alicheka peke yake, kicheko kisicho na furaha. Alinawa mikono polepole, akaenda kwa miguu, wala hakukaza mwendo.

Alikuta kichochoro kimejaa. Akil alikuwa ameshavaa joho na kilemba, jasho linamchuruzika mpaka kwenye ndevu. Majamaa wawili walikuwa wakilisukuma gari, nalo halikutikisika. Kwa kuwa mkono wa gia ulikuwa umeganda kwenye P, alama ya kuegesha, magurudumu yalikuwa yamefungwa. Gari la kukokota mengine nalo lisingepenya kichochoroni humo.

"Acheni kulisukuma, mtalivunja," Mzamil alisema. Aliingia upande wa dereva, akalitia moto. Injini ilinguruma vizuri tu. Alikanyaga breki, akajaribu kuuvuta mkono wa gia. Haukusogea.

"Akil, nenda nyuma. Nikikanyaga breki, taa zawaka?"

"Haziwaki!"

Basi. Ugonjwa ulikuwa umejitaja wenyewe. Gari la aina hiyo haliachii gia mpaka lihisi breki imekanyagwa, na waya unaoliambia ndio huo huo unaowasha taa za breki nyuma. Vijana wa mapambo walikuwa wameunganisha vitaa vyao vya harusi kwenye waya huo, ili viwake bwana harusi akifunga breki. Umeme ulizidi, fyuzi ikaungua. Mzamil aliinama chini ya dashibodi, akaichomoa. Uzi wake ulikuwa umekatika. Nyingine nzima ilikuwa mfukoni mwake. Fundi hatembei bila fyuzi.

Aliteremka, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja. Alimtazama Bassam, na moyoni alihisi utamu ambao hakuuonea haya hata kidogo.

"Nimeuona ugonjwa, ami. Ni jambo la dakika moja."

"Alhamdulillahi! Litengeneze basi."

"Mlango kwanza."

Bassam aliangaza macho huku na huku, akamsogelea sikioni. "Mzamil, leo ni siku ya kheri. Tusiaibishane mbele za watu."

"Mamangu aaibika mbele za watu tangu uutoe."

"N'takuletea. Wallahi, wiki ijayo."

"Uko wapi sasa hivi?"

Akil ndiye aliyejibu, ameinamisha kichwa. "Umetiwa juu, kwenye chumba cha wageni. Ulipunguzwa, ukapakwa rangi."

Umepunguzwa. Hata ukirudishwa hautaenea tena. Mzamil aliona giza la hasira, akajibana kwa ubavu kati ya gari na ukuta, akaingia ndani asije akampiga mtu mzima siku ya harusi ya mwanawe.

Mamake alikuwa amesikia yote. Mzamil alijua atakaloambiwa: samehe, mtengenezee, bwana harusi hana makosa. Alikuwa tayari kubishana naye.

"Ukilitengeneza, litaondoka?" Bi Mwanakuu aliuliza.

"Litaondoka sasa hivi."

Mamake alipangusa pua kwa ncha ya buibui. "Tangu jana liwekwe hapo hakuna aliyenichungulia. Nimelala, Mzamil. Nimelala mpaka alfajiri. Watu hawa wamenichukulia mlango, nami nimeupata mwingine. Usiliguse."

Mzamil alimtazama mwanamke huyo, ambaye mpaka leo yeye alidhani anamjua. Kisha alitoka, kwa ubavu vile vile.

"Ami Bassam, dawa ninayo mfukoni. Mama akimaliza eda, n'talitengeneza."

Vicheko vilipasuka huku na kule, vikazimwa haraka. Akil alikunja pindo la joho, akaanza kwenda kwa miguu kuelekea barabarani, na wenziwe wakamfuata na udi wao. Mzamil alijua kwamba fundi mwingine angepatikana. Kama si jioni, kesho. Mafundi wamejaa kisiwani humu, na mwenye nyumba hakosi wa kumtumikia. Lakini leo ilikuwa leo.

Bassam alibaki ameshika simu. "We mtoto! Wajua naweza kukutoa humu leo hii, wewe na mamako na kitanda chake?"

"Toa," Mzamil alisema. "Kitanda utakipitisha wapi?"