Pampu ya Wodi ya Wazazi

Mhandisi huyu watu walimbandika jina la Bado, maana kila akiulizwa kama mashine imekamilika, jibu lilikuwa hilo hilo. Miaka thelathini na moja kazini, mashine saba za kubuni mwenyewe, na hakuna hata moja iliyowahi kutoka nje ya karakana. Ikifanya kazi leo, kesho ameifungua airekebishe, keshokutwa iko vipande vipande mezani. Si uvivu, jamani. Mtu alikuwa hatulii.

Ya nane ilikuwa pampu ya hospitali, ya kupandisha maji ya kijito hadi wodi ya wazazi bila umeme wala mafuta. Mkaguzi angefika saa nne. Isipopita leo, hospitali inatafuta mtu mwingine. Binti yake, naye mhandisi, alikuwa amefungia spana zote ndani ya gari. Saa tatu na nusu akamkuta baba amechuchumaa kando ya pampu, kitu kimechomoza kwenye soksi.

"Baba, hiyo nini?"

"Spana. Mama yako alinipekua mifuko tu."

"Ilete."

"Vali inagonga vibaya, mwanangu. Nipe nusu saa."

"Nusu saa yako ya mwisho imekula miaka miwili! Kule juu wazazi wanabebewa maji kwa ndoo."

Akaitoa, roho ikimuuma.

Mkaguzi alikuja, akapima, akaandika. "Ina tatizo lolote?"

Binti akamkazia baba macho. Wapi! Neno lilishamponyoka. "Inagonga."

Mkaguzi akatega sikio. "Maji yanafika juu?"

"Yanafika."

"Basi igonge." Akaifunga kwa waya na muhuri wa lakiri, asiiguse mtu asiyehusika.

"Sasa ikiharibika," Bado akauliza haraka, "ataifungua nani?"

"Fundi wa hospitali," binti akajibu. "Nimeshamfundisha. Juzi aliifungua na kuifunga peke yake, dakika ishirini."

 Miaka yote hiyo Bado aliamini kwamba mashine ikimtoka mkononi itakufa.

Muuguzi akapiga kelele dirishani kwamba ndoo hazihitajiki tena. Bado alifurahi, tena sana, na papo hapo akaumia kama mtu aliyeachishwa kazi. Akavuta kiti akakaa, akasimama, akakaa tena, mikono hajui aiweke wapi.