Aliyekuja Baada ya Panya

Fundi cherehani alimvumilia sana yule kanu, mnyama wa porini mfano wa paka, aliyehamia darini, lakini si mpaka kukojolea gauni la bibi harusi. Mkojo ulivuja ukalowesha kifua chote cha gauni, na harufu yake sabuni iliishindwa.

"Shemeji, nitolee mgeni wako," alimwambia mdogo wa mumewe, seremala.

"Wangu? Mbona analala kwako?" Shemeji akacheka. "Maskini, kazi yake kupanda miti usiku na kula panya. Mshonee koti mkae kwa amani."

"Mshonee wewe!"

Mtego ukamnasa. Shemeji akaenda kumwachia msituni, ng'ambo ya mto. Tundu la chini ya paa, alilokuwa akiingilia kanu kutoka kwenye tawi la mparachichi, eti angeliziba kesho. Kesho ya mafundi mnaijua.

Haukupita muda, panya wakaingia. Walikimbizana mchana kweupe, wakadondosha vinyesi juu ya vitambaa. Fundi aligonga dari kwa rula. Wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea kama wenye nyumba. Mwanawe mchanga, kitandani kando ya cherehani, alizizoea zile mbio akalala nazo.

Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Hawakusema nani huja baada ya panya.

Asubuhi moja dari ilikuwa kimya. Fundi akamshukuru Mungu, akashona. Mchana kitu kizito kikajiburuza huko juu, polepole, kutoka upande wa dirishani mpaka juu ya kitanda cha mtoto. Hakikuwa na vishindo vya miguu.

Akampigia shemeji.

"Kanu amerudi?"

"Kanu ana miguu, shemeji. Njoo."

Alikuja na ubao begani. "Kumbe umemkumbuka mpangaji wako!" Akapanda stuli, akasukuma kifuniko cha dari, kichwa na mabega vikazama gizani. Gamba kavu la nyoka likateleza ukingoni, likamwangukia mapajani fundi aliyeketi kwenye cherehani, likazidi kushuka, refu kuliko utepe wake wa kupimia.

"Shemeji, shuka."

Vidole vya miguu yake viling'ang'ania stuli.

"Shemeji, utani huo siutaki."

"Mchukue mtoto," alisema hatimaye, kama mtu anayeogopa kutikisa midomo. "Taratibu. Mimi usiniguse."

Fundi alimnyanyua mwanawe, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Juu ya kitanda kitupu, ule mburuzo ukaanza tena, ukielekea kwenye kifuniko.