Matuta Yaliyomsubiri Lazaro

Evodia alimaliza uji akiwa amesimama, akafunga mbegu za maharage kwenye pindo la kitenge, akatia jembe begani na kupanda ngazi kwenda shambani.

Shamba lilianza kupaa baada ya malori ya ushirika kuacha kufika Mpui kuchukua mahindi. Mumewe, Lazaro, alipakia magunia yao kwenye gari la kukodi, akateremka nayo Muze kutafuta mnunuzi. Kabla ya hapo walikuwa wamefukia majani kwenye matuta, kama Wafipa wafanyavyo, yaoze yawe mbolea. Msimu unaofuata matuta hubomolewa na kusambazwa, na kazi hiyo walizoea kuifanya wawili, kila mtu upande wake. Evodia akaona amsubiri. Matuta yakaumuka, yakanyanyua shamba zima.

Bwana shamba, Flavian, alipanda kukagua, akipumzika mara kwa mara. Alisema hewa ya huko ni nyepesi, mahindi hayataiweza. Apande maharage mafupi, mawingu yatayamwagilia yakipita. Evodia akaulizia mbolea.

“Siku hizi kila mtu anajitafutia, mama,” alisema, akaanza kushuka.

Maharage yalikubali. Yalitambaa chini, majani madogo, manene. Evodia alilima, akatweta, akalima tena. Ukingoni alichungulia, akaliona bonde lote hadi Ziwa Rukwa, na Muze, na Lazaro ameketi juu ya magunia yaleyale. Salamu zake za mwisho zilisema harudi na mzigo, wala harudi mikono mitupu. Alikuwa amekonda shingo. Evodia akamwita. Sauti ikaishia mdomoni. Hewa ile haikuweza kuibeba.

Jioni alimkuta jirani yake, Masunga, mfugaji wa Kisukuma, chini ya ngazi.

“Shikamoo, mama Justa. Nilete maksai tuyabomoe matuta? Shamba litashuka.”

“Marahaba. Watapanda ngazi?”

“Hao wamezoea milima.”

Evodia alicheka kidogo. “Yaache, baba. Likishuka, nitamwonea wapi?”

Asubuhi alifukia majani mapya. Kule Muze, Lazaro aliyamwaga mahindi juani, akapepeta wadudu, akayarudisha kwenye magunia na kuketi juu yake. Malori yalipita bila kusimama. Evodia alipalilia upande wake, kisha akapalilia na wa Lazaro, polepole, akipumzika kila pumzi ilipomwishia.