Kisima Kiitwacho Hakuna

Saa mbili u nusu asubuhi karani wa ramani alitandaza karatasi namba kumi na saba mezani, akaikandamiza pembe zake kwa stepula, vikombe viwili na kiatu chake kimoja. Ilikuwa ramani ya zamani ya milima ya jangwani, mistari ya kahawia imebanana kama mikunjo ya uso. Mama mmoja mfugaji akaweka kidole katikati.

"Hapa. Kisima chetu."

Kando ya duara dogo la buluu palikuwa na neno moja: HAKUNA.

"Mbona kinaitwa hakuna, mama?"

"Si bibi yangu huyo!" Mama akacheka. "Mpimaji aliuliza panaitwaje. Bibi akaona ngamia wa mpimaji, kumi na wawili wenye kiu, akaogopa watakimaliza kisima; swali hata hakulisikiliza. Akasema hakuna. Jamaa akaandika."

Kampuni ya kokoto ilikuwa imeliomba bonde lote, na kwa sheria bonde lisilo na maji halina mwenyewe. Siku ya mwisho ya kupinga ilikuwa hiyo.

Mama alipoondoa kidole, duara likaanza kutoa maji. Yalitiririka mezani, yakashuka sakafuni. Mfagizi akaleta ndoo.

"Afadhali hii," alisema. "Karatasi namba tisa ilitumwagia mchanga mwezi mzima."

Habari hazikukawia. Wa vyeti vya ndoa walikuja na majagi, wa leseni na birika, na chai ikachemshwa papo hapo. Mkuu wa ofisi alifika akaonja.

"Yana chumvi kidogo."

"Ndivyo yalivyo ya kwetu," mama akasema. "Basi umeyaona, mzee."

"Nimeyaona, na kikombe cha pili nakunywa. Lakini mimi nasaini kilichoandikwa."

"Na duara je?" karani akauliza.

"Duara halisomeki, kijana wangu."

Akavaa miwani, akajaza fomu polepole kwa mwandiko mzuri. *Chanzo cha maji: Hakuna.* Akagonga muhuri, akampa mama nakala yake, akamtakia safari njema.

Mama aliisoma mara mbili. Kufikia hapo ndoo ya nne ilikuwa imejaa, na mfagizi alishindwa kuinyanyua peke yake.

"Nipe mkono, dada. Tukamwagie maua ya ofisi."

Mama akaitia nakala kifuani, akashika upande wake wa mpini.