Nafasi Moja Kitaluni

Unapita pale kila siku, usibishe. Unatoka mtaani Mazwi na baiskeli yako, ukifika kwenye ukuta wa wodi ile ya wagonjwa wa akili, yenye geti la chuma, shingo inageukia upande wa pili kama imekazwa na spana. Unajua mna watu. Hutaki tu kuwaona.

Kasmir yumo. Amezaliwa na akili ya taratibu. Ukimwambia mambo mawili, moja linadondoka njiani. Aliwasha moto kufukuza panya, kihenge cha mjomba wake kikateketea pamoja na nyumba. Mahakama ikamleta huku, ndugu wakamsahau.

Ndani ya ukuta kuna bustani. Mwalimu Winifrida huwafundisha humo wagonjwa kazi, ili siku moja watoke wajitegemee. Kasmir alilima kama Wafipa wenzake kwao kijijini Kate: unafyeka nyasi, unazirundika, unazifukia mpaka udongo unakuwa kilima cha duara, zioze humo. Mwenzake Kija, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma, mzito wa kuelewa kama yeye, alipiga matuta marefu akapanda mchicha.

Kisha Jastin, mwenye kitalu cha miche mjini, akakubali kuchukua mfanyakazi. Mmoja, kwa wodi nzima. Winifrida akamchagua Kija.

"Mambo, mshikaji?" Kija alikuja akikanyaga kwa kishindo, gambuti mpya miguuni. "Jumatatu niko mjini. Nitakula chipsi mimi!"

Kasmir alizikodolea gambuti zile mpaka macho yakamuuma. Aliyaonea wivu hata matope yaliyozigandia, maana nayo yangetoka nje ya geti.

Mchana, wenzake wakiwa kwenye ugali, alichukua jembe akaingia kwenye mchicha wa Kija. Alitaka kuharibu, lakini mikono yake ilijua kazi moja tu. Akaufyeka, akaurundika, akaufukia. Kilima kimoja, kingine, kingine, vyote duara safi.

"Kasmir! Umefanya nini?" Winifrida alipiga kelele.

"Nimefukia, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Anaenda yeye. Mimi siendi."

Kija alitazama vilima, akacheka huku machozi yakimtoka. "Wafipa nyie! Hata mchicha mnaufanyia maziko!"

Habari ikamfika Jastin kabla ya Jumatatu. Winifrida alimfuata kitaluni kumsihi.

"Nisamehe, Mwalimu. Watu wenu wanachukua majembe wakishikwa na hasira. Simtaki yeyote."

"Kija hakugusa jembe, baba."

"Wote ni wale wale."

Kija akavua gambuti, akazisukuma chini ya kitanda. Kasmir, kitanda cha pili, akasikia utamu kifuani: haendi! Halafu akamsikia Kija akilia, na utamu ukageuka nyongo. Hata hivyo hakutaka aende bila yeye.

Usimnyooshee kidole. Wewe ukimharibia jirani kwa wivu, balozi wa nyumba kumi anawasuluhisha, kesho uko kazini. Kasmir ameandikwa mtu hatari, na Kija amefungiwa kwa kosa lisilo lake. Nani alirusha nafasi moja katikati ya watu wa wodi nzima, waigombanie? Ni mji huu, na wewe umo. Una gereji. Una mashine ya kusaga. Una shamba linalokushinda palizi. Acha kuguna! Vaa viatu sasa hivi, nenda pale getini, mwulizie Winifrida, umwambie: nina kazi ya watu wawili, nipe Kija na Kasmir.